Mtambo Umealika, Bunduki Haikulia: Lugha ya Silaha Iliyogoma katika Tamthilia Mbili

Uhakiki wa fasihi ya ukombozi katika Afrika ya Mashariki umezoea kuitazama bunduki kama ishara. Mikononi mwa mkoloni bunduki ni dhuluma. Ikishikwa na mpiganaji wa msituni hugeuka kuwa haki. Kutokana na mazoea hayo, ni nadra mhakiki kuuliza swali ambalo fundi wa bati wa Gikomba angeliuliza mwanzo kabisa: je, bunduki yenyewe ilikuwa ikilia? Swali hili laonekana dogo, tena la karakana zaidi kuliko la fasihi. Lakini katika Kenya ya Hali ya Hatari, baina ya mwaka 1952 na 1960, lilikuwa swali la uhai wa mpiganaji awapo msituni, na la shingo yake awapo kizimbani. Makala haya yanalichukua swali hilo na kulipeleka kwenye tamthilia mbili, Mzalendo Kimathi na Kinjeketile, ili kuona lugha yetu ina nini cha kusema silaha inapogoma.

Yafaa kwanza ieleweke silaha yenyewe ilikuwa ya namna gani. Bunduki ya askari wa Kiingereza wakati huo, Lee-Enfield ya kipimo cha .303, ni ndugu wa bunduki nyingi za kuwindia: mpigaji huinua mkono wa chuma, huurudisha nyuma, husukuma risasi mbele, kisha hufunga. Aliyeitazama kwa macho ya fundi aliona mlango na komeo lake. Wapiganaji wa Mau Mau waliokosa bunduki za kiwandani walitengeneza za kwao, mjini Nairobi na msituni, na humo mfano huo ukawa kweli: mtutu ulikuwa kipande cha bomba la maji, na pahali pa mtambo paliwekwa komeo la mlango lililovutwa kwa ukanda wa mpira. Baadhi ya bunduki hizo zimehifadhiwa katika makumbusho ya Uingereza. Kumbukumbu za wapiganaji wenyewe, kama za Waruhiu Itote zilizotolewa mwaka 1967 na za Karari Njama alizoziandika pamoja na Donald Barnett mwaka 1966, hazikuziacha nje silaha za namna hiyo.

Bunduki ya komeo ikikataa kulia, fundi habahatishi. Hulitoa ganda na kukitazama kitako chake, palipo na fataki. Asipoona alama yoyote, atajua kwamba sindano imevunjika, au komeo halikufungwa hadi mwisho wake. Akiona alama hafifu, atashuku springi iliyochoka, mafuta mazito yaliyoganda ndani ya komeo, ncha ya sindano iliyolika, au nafasi iliyozidi baina ya komeo na kitako cha risasi, hata risasi ikasogea mbele badala ya kulipokea pigo. Alama ikiwa ya kina na iko katikati, basi bunduki haina hatia. Lawama ni ya risasi, ambayo fataki yake imeingiwa na unyevu au imezeeka. Bunduki ya bomba ilikuwa na maradhi hayo yote kwa pamoja. Mpira hulegea upesi kuliko springi. Bomba halikuchongwa kwa kipimo cha ganda, kwa hiyo risasi haikutulia mahali pake. Nazo risasi zenyewe zilipatikana moja moja, kwa kuibwa au kununuliwa kwa siri, zikafichwa palipowezekana, hata ardhini. Isitoshe, ikilia, yaweza kumpasukia usoni aliyeishika.

Kiswahili kina hazina gani ya kueleza mambo haya? Kinayo, tena kubwa, ila imetawanyika. Watu wa pwani waliokuwa na magobori walitofautisha kualika na kulia. Ni kweli kwamba walisema bunduki imealika wakikusudia kuwa imelipuka. Lakini asili ya neno ni ule mlio mkavu, kama wa kidole au wa kijiti kinachovunjika, na kwa sababu hiyo mtambo nao waweza kualika peke yake. Sentensi iliyofanywa kichwa cha makala haya inaeleza kwa maneno manne hali ambayo mwongozo wa jeshi ungeiandikia aya nzima. Liko pia neno gumegume. Asili yake ni bunduki ya kale iliyowashwa kwa cheche za jiwe, ambayo upepo au manyunyu yalitosha kuinyamazisha. Bunduki hizo zimetoweka, lakini mwanamume gumegume yungali anatukanwa hadi leo, na wengi wanaomtukana hawajui kuwa wanataja silaha. Aibu ya chuma imehamia kwa mtu.

Kwa upande mwingine, neno linalotumika zaidi, kukataa, limebebeshwa mzigo usio wake. Bunduki imekataa: je, fataki haikushika? Risasi imekwama? Ganda halitoki? Au moto umechelewa tu njiani? Hili la mwisho ndilo la hatari kuliko yote, na hapa sarufi yetu inamshinda fundi. Askari aliyefunzwa, asikiapo mtambo ukialika bila mlipuko, huuelekeza mtutu mahali salama na kungoja nusu dakika hivi kabla ya kulifungua komeo, kwa kuwa risasi yaweza kulipuka kwa kuchelewa. Kwa Kiswahili kanuni yote hiyo imo ndani ya silabi moja. Anayesema haikulia amekwisha kufunga jambo, na mkono wake unakwenda kwenye komeo. Anayesema haijalia bado anangoja.

Silabi kama hizo zilikuwa na bei kubwa zaidi mahakamani. Chini ya Kanuni za Hali ya Hatari, kupatikana na silaha au risasi bila idhini kulikuwa kosa la kunyongewa. Watu zaidi ya 1,000 walinyongwa katika kipindi hicho, na si wote walionyongewa mauaji. Ufafanuzi wa silaha katika sheria iliyorithiwa kutoka Uingereza, ambao umo hadi leo katika Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, umejengwa juu ya uwezo: ni kitu chenye mtutu ambacho risasi yaweza kufyatuliwa kutoka kwacho. Haiulizwi kama kiliwahi kulia. Sasa na tumweke mkalimani baina ya hakimu anayejua Kiingereza na shahidi anayejua Kiswahili cha mjini. Shahidi anasema, bunduki hii hailii. Je, maana yake ni kwamba hailii sasa, au kwamba si ya kulia kabisa? Haikulia, hailii, haijalia na haiwezi kulia ni kauli nne, na ni moja tu inayoigusa sheria. Mkalimani akiteleza kutoka moja hadi nyingine, hapana atakayesikia kelele yoyote.

Tukiwa na hayo, turejee kwenye Mzalendo Kimathi, tafsiri ya Raphael Kahaso ya mwaka 1978 ya tamthilia waliyoiandika Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, iliyotolewa mwaka 1976 kwa jina la The Trial of Dedan Kimathi. Shtaka lenyewe ni la kupatikana na bastola. Sambamba na bastola hiyo ya mahakamani inatembea bunduki nyingine, iliyofichwa ndani ya mkate, kutoka kwa Mwanamke hadi kwa Mvulana na Msichana, vijana waliolelewa na mitaa ya Nairobi. Mkate na bunduki kuwa kitu kimoja ni ubunifu mzuri sana, na hadhira yoyote inaupokea bila kuelezwa. Lakini katika safari yote ile hapana anayeifungua silaha na kuitazama. Hapana anayeshuku risasi. Mwishoni mlio unasikika, giza linaingia, na umati unatokea ukiimba. Bunduki imelia kwa sababu historia inataka ilie.

Haitakuwa haki kuwashtaki waandishi kwa kukosa uhalisia. Wao wenyewe walieleza katika dibaji kwamba hawakukusudia kuirudia kumbukumbu ya kesi iliyosikizwa Nyeri mwaka 1956, na uhuru huo ni wao. Hoja ni kwamba wamepoteza nafasi ya kidrama. Ujasiri wa aliyeshika bomba lenye komeo la mlango, akijua laweza kualika tu na adui akageuka, ni mkubwa kuliko ujasiri wa mwenye silaha isiyokosea. Pamoja naye amepotea mtu mwingine, naye ni yule fundi aliyekaa na tupa na jiriwa usiku kucha. Tamthilia inayojitangaza kuwa ya wafanyakazi imeisahau kazi yenyewe.

Ebrahim Hussein alikuwa amekwisha kuliona jambo hili kutoka upande wa pili. Katika Kinjeketile, ya mwaka 1969, mhimili wa mchezo ni ahadi kwamba silaha ya adui ndiyo itakayogoma: maji yatazigeuza risasi za Wajerumani. Historia inajulikana. Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, bombom hazikugoma. Hussein hakuyafanya maji kuwa ujinga wa kuchekwa. Aliona kwamba watu waliotishwa na mlio wa bunduki kwa miaka walihitaji kwanza kuufikiria ukimya wake ndipo waweze kuungana. Kinjeketile anakataa kusema kuwa maji yalikuwa uongo, ingawa bunduki zimekwisha kulia. Na mvutano huo baina ya neno lililoshindwa na neno lisilofutika unaipa tamthilia uzito ambao Mzalendo Kimathi, pamoja na hamasa yake, haiufikii. Tofauti hii haitokani na msimamo wa kisiasa. Hussein aliruhusu kitu kishindwe jukwaani.

Tafsiri ya Kahaso ina udhuru wake: maneno ya silaha aliyoyakuta katika Kiswahili sanifu yalikuwa ama ya zama za gobori ama ya kambini. Askari wamezoea kusema bolti, nalo limekaa. Hata hivyo komeo ni neno bora, kwa kuwa linaeleza kazi ya kile chuma, kufunga na kufungua, na kwa kuwa mafundi waliokwisha kulitumia komeo lenyewe walithibitisha tafsiri hiyo kwa chuma kabla ya mwanaisimu yeyote kuifikiria. Bunduki ya komeo ni istilahi inayostahili kuingizwa kamusini, ikifuatana na maelezo yanayotenganisha kualika, kugoma, kukwama na kuchelewa kulia.

Mahali pa kuanzia utafiti wake ni Pumwani na majirani zake. Mtaa huo, uliopimwa mapema katika miaka ya 1920, ulikua kwa Kiswahili cha watu waliotoka kila upande, na ramani yake imejaa kumbukumbu za vita: Kariokor ni jina la kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914–1918, waliobeba mizigo ya wenye bunduki, na soko la Burma pale Shauri Moyo linakumbusha nchi ambako Itote na wenziwe walizitumia vitani. Kando yake wahunzi wa Gikomba wangali wanafua mapipa kuwa masanduku na majiko, wakizungumza Kiswahili cha tindo, kekee na parafujo ambacho madarasa yetu hayakifundishi. Wazee wanaokumbuka bunduki za bomba wamebaki wachache. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 jeshi lilipouzingira mji tarehe 24 Aprili 1954 amekwisha kupita miaka 90, na mpaka sasa maneno yake ya karakana hayamo katika kamusi yoyote.