Hatari, Hatarini na Mazuku: Juu ya Kufasiri 'Hazard' Mjini Goma

Wanaoshughulika na tafsiri za kisayansi wamezoea kulalamika kwamba Kiswahili hakitenganishi 'hazard' na 'risk'. Kwa wataalamu wa volkeno, 'hazard' ni kitu au tukio lenye uwezo wa kudhuru, watu wawepo wasiwepo; 'risk' ni uwezekano wa watu fulani, mahali fulani, kupatwa na madhara hayo. Kamusi zetu za lugha mbili kwa kawaida huyakutanisha yote mawili katika nomino moja, hatari, tuliyoipata kutoka Kiarabu. Lalamiko hili, kwa maoni yetu, linatokana na kutazama nomino peke yake.

Kwanza, Kiingereza chenyewe hakina unadhifu huo nje ya vitabu vya taaluma. 'Hazard' lilikuwa jina la mchezo wa kamari wa dadu, na hata leo Mwingereza hulitumia kama kitenzi kwa maana ya kubahatisha. Kifaransa, lugha ya ofisi mjini Goma, hutumia 'aléa', ambalo asili yake ya Kilatini ni dadu vilevile. Ajabu ni kwamba hatari yetu, inayodaiwa kuwa na upungufu, haina maana ya kamari katika matumizi ya Kiswahili. Mitaani imepanuka upande mwingine kabisa, hata fundi stadi au mchezaji mahiri akaitwa hatari kwa kusifiwa.

Pili, tofauti inayotafutwa imo katika sarufi. Mlima Nyiragongo ni hatari. Wakazi wa Goma wako hatarini. Anayerudi nyumbani lava ingali moto anajihatarisha. Kiambishi cha mahali kinafanya kazi ambayo Kiingereza kimeipa nomino ya pili. Lava iliingia mjini tarehe 17 Januari 2002 ikafika Ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Mlima ni ule ule. Walioongezeka ni waliomo hatarini.

Mfano wenye uzito zaidi ni mazuku. Hili ni jina la wenyeji la kabonidayoksaidi itokayo ardhini, ambayo kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hutuama mabondeni, hasa magharibi ya mji kuelekea Sake, usiku na alfajiri upepo unapotulia. Huua mbuzi, na huua watoto. Wanasayansi wa nje wamelipokea neno hili katika maandishi yao, wakilifasiri kuwa 'upepo mbaya' kwa Kiswahili. Tafsiri hiyo ni dhaifu. Neno upepo halimo ndani yake, na msomaji wa pwani atakayekumbuka mzuka asisahau kwamba kufanana kwa sauti si ushahidi wa asili. Ubaya zaidi ni kwamba inapotosha maana: mazuku huua pale ambapo upepo haupo.

Mwaka 2023 wakimbizi wa vita walikuwa wamepiga kambi Bulengo, upande huo huo wa magharibi. Tangazo la maneno mawili tu, 'Hatari: mazuku', lingetaja kitu na kuishia hapo. Kiswahili kinaruhusu kusema zaidi bila istilahi mpya: mtoto anayelazwa chini bondeni kabla ya jua kuchomoza yumo hatarini kuliko mtu mzima aliyesimama kando yake.