Tajiri Asiyelala: Masharti, Mikopo na Uhakiki Wetu

Fasihi ya Kiswahili imempa msomi ruhusa ya kuchanganyikiwa. Tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichwamaji mwaka 1974, hakuna mwanafunzi wa fasihi asiyeweza kuandika kurasa tatu juu ya Kazimoto, kukata tamaa kwake na kujiua kwake. Tunaita udhanaishi, tunapata alama, tunakwenda kula. Lakini mwenye duka je? Yule aliyeanzisha kitu chake mwenyewe, akakopa, akafungua mlango asubuhi akisubiri mteja wa kwanza? Huyo katika vitabu vyetu ana hila, ana tamaa, ana kitambi. Akili inayoweza kuugua hana. Makala haya yanauliza kwa nini, na mifano yake mingi nimeitoa nyumbani: Kasulu nilikozaliwa, na Kibondo ambako ndiko kwa mama.

Hebu tuanze na Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo (1975). Ndiye mwanzilishi wa mali anayekumbukwa zaidi katika riwaya za miaka ile. Anatapanya urithi, anajirudi, anaanzisha shamba kubwa na kutajirika. Kisha siasa ya Ujamaa inaifikia mali yake, naye anaua kiongozi na kuishia kuhukumiwa kifo. Katika semina tulifundishwa kumsoma kama tabaka: bepari anayekwenda na mfumo wake. Sina ugomvi na usomaji huo, una haki yake, na riwaya yenyewe inauruhusu. Ila una gharama. Mtu ukishamwita tabaka, humuulizi tena kama jana alipata usingizi. Siku zile kati ya habari ya kupoteza shamba na mlio wa bunduki, sisi wahakiki tunaziruka kama vile ni kurasa tupu.

Baada ya Tumaini mambo yakawa mabaya zaidi kwa wenye maduka. Mwaka 1983 serikali, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, iliendesha vita dhidi ya wahujumu uchumi, na mtu mwenye katoni za sabuni stoo akawa mshukiwa. Mwaka uliofuata ikatoka Pesa Zako Zinanuka ya Ben R. Mtobwa. Jina tu linatosha kuonyesha hewa ya wakati ule. Sasa Mtobwa ni mtu wetu, alizaliwa Kasulu mwaka 1958 na kufariki mwaka 2008, na mwenyewe alikuwa mwanzilishi wa biashara: alianzisha Heko, akachapa vitabu. Sisemi lolote juu ya afya yake; riwaya si faili la hospitali. Ninachosema ni kwamba mtu aliyejua bei ya karatasi kuliko maprofesa wetu wote alituachia Joram Kiango, mpelelezi asiyechoka, na kwa yale niliyosoma hakutuachia hata mchapishaji mmoja anayekesha na madeni. Riwaya pendwa ina soko lake, nalo lilitaka pesa zinuke.

Sasa tutoke maktaba. Kwetu kuna hadithi ambayo sijaiona kitabuni, wala si ya Kigoma peke yake. Kanda ya Ziwa utaisikia pia, kule husema ndagu. (Watani wetu, wakisikia Kigoma na uchawi katika sentensi moja, watacheka. Wacheke tu, ndiyo kazi ya watani.) Huanza barazani kwa swali: “Unamuona yule?” Yule ni mfanyabiashara. Alikuwa hana kitu, akaenda kwa mganga, kwa kawaida mbali, akapewa utajiri na masharti. Asilale kitandani. Asikae kula pamoja na wanawe. Siku ya gulio asioge wala asibadili nguo. Saa nane usiku aamke, afungue duka peke yake, ahesabu. Asimwamini ndugu yeyote na funguo. Akivunja sharti, mtoto anakuwa zezeta, au yeye mwenyewe anarukwa na akili, anaonekana njiani akiongea peke yake.

Wenzangu, isomeni hadithi hii kama tunavyosoma andiko lolote. Kwanza fani. Msimulizi siku zote ni mtu wa nje. Mhusika mkuu hasemi hata neno moja. Hakuna toleo nililolisikia, Kasulu wala Kibondo, ambalo tajiri anasema “mimi”. Pili, tazameni kile kinachoitwa masharti. Kutolala. Kutokula na watu. Kutojijali mwili. Kuamka usiku wa manane na kurudia jambo lile lile. Kuwashuku ndugu. Mpelekee daktari wa afya ya akili orodha hiyo bila kumtajia mganga, atakuuliza mgonjwa yuko wapi. Hadithi ya barazani, ambayo hakuna mtu anayeihakiki, imekusanya dalili za sonona na msongo wa mawazo kwa makini kuliko riwaya zetu zilizoshinda tuzo. Imeona kila kitu. Imekosea kisa tu: inasema mtu huyu halali kwa sababu ameagizwa asilale.

Na kosa hilo lina madhara, kwa maana mimi nimeisikia ikisimuliwa juu ya mjomba wangu.

Mjomba alikuwa na duka la jumla upande wa Makere, njia ya kambi ya Nyarugusu. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na Warundi walipomiminika mwaka 2015 ikafurika. Desemba 2016 WFP ilianza kuwapa baadhi ya wakimbizi fedha taslimu badala ya chakula, na pesa ile ilitoka kambini ikaingia kwenye maduka ya wenyeji. Mjomba akakopa, akaongeza unga, mafuta, vitenge. Mwaka 2017 mpango ule ukasimamishwa. Kati ya 2018 na 2019 masoko ya kambi za huko, yale ambayo mkimbizi na mwenyeji waliuziana, yakabanwa na kufungwa. Haya yote yalikuwa maamuzi ya watu wa mbali, yana tarehe na barua. Lakini pale mtaani kilichoonekana ni taa inayowaka dukani saa nane usiku na mtu ndani yake anayehesabu. Mji ukamaliza hadithi kabla yeye hajamaliza kuhesabu. Masharti yamemgeuka, walisema. Ilipita miezi saba hajapelekwa hospitali, maana mtu aliyevunja masharti hapelekwi hospitali, anasubiriwa. Aliyempeleka mwishowe ni bibi, ambaye hakuwahi kuipenda hadithi ile.

Likizo ya mwaka jana nilimuuliza, kwa taratibu. Hakutaja mganga, hakutaja kambi. Alisema, “Mjomba” (sisi huitana hivyo wote wawili) “mimi nilikuwa naogopa simu.” Simu ya afisa mikopo ilikuwa ikiita saa moja asubuhi. Baadaye zikaanza kuita za wadhamini wake, ndugu zake mwenyewe, wakiuliza kwa upole. Hizo za upole ndizo zilizomwondolea usingizi, alisema. Na ndipo unapoelewa kwa nini alikuwa hataki mtu ashike funguo.

Hapo neno lenyewe likanigonga. Fomu ya mkopo ina ukurasa wenye kichwa cha habari kinachosema Masharti ya Mkopo. Kuna dhamana, kuna tarehe, kuna adhabu ya kuchelewa, kuna watu wa karibu wanaowekwa rehani kwa jina la wadhamini. Mikopo ya riba kali mtaani inaitwa kausha damu, na jina hilo halikutungwa na mshairi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwataka wakopeshaji wawe na leseni, jina halikuondoka. Sasa rudini kwenye sharti la kwanza la mganga, asilale kitandani. Si fumbo gumu hata kidogo kwa mtu ambaye godoro lake limeandikwa kwenye fomu ya dhamana na anajua siku watakayokuja kulibeba. Nionavyo mimi, hadithi ya masharti ni hadithi ya mkopo iliyofichwa mkopeshaji. Wanaoisimulia wanaiamini kama ilivyo, na mimi siwafundishi wasiiamini. Lakini imani haizuii hadithi kubeba kitu kingine mgongoni.

Wenzetu wa nje wameanza kuhesabu jambo hili. Mwaka 2015 Michael Freeman na wenzake huko Marekani walitoa utafiti juu ya waanzilishi wa biashara 242: asilimia 49 walisema wamewahi kuwa na tatizo la afya ya akili, kiwango cha juu kuliko katika kundi la kulinganisha. Ni watu wa California wenye kampuni, si muuza unga wa Makere, na wala takwimu haisemi kama biashara ndiyo inayougua watu au watu wa aina fulani ndio wanaoanzisha biashara. Naitaja kwa sababu moja tu: kule mtu aliulizwa, akajibu kwa “mimi”.

Katika semina mhadhiri mmoja alinipinga akasema umbea wa barazani si fasihi simulizi. Kwa heshima zote, sikubaliani naye. Una fomula ya kuanzia, una wahusika bapa, una mwiko na kuvunjwa kwa mwiko, una hadhira inayojua mwisho na bado inataka kusikia. Tukiukataa huu, itabidi turudishe na nusu ya ngano tunazofundishwa. Pingamizi lililo zito zaidi ni la mwanafunzi mwenzangu, kwamba nikiwa mpwa wa mhusika siwezi kuhakiki. Huenda. Lakini wale waliokaa barazani nao walikuwa wapwa wa mtu, wakasimulia hivyo hivyo.

Liko pengo jingine ambalo sijapata jibu lake kitabuni wala barazani. Tajiri wa hadithi hii ni mwanaume siku zote. Soko la Kibondo limejaa akina mama wenye mitaji yao, wa maharage, wa dagaa, wa vitenge vinavyopita Mabamba kutoka Burundi. Mwanamke akiinuka pale, hasingiziwi mganga. Husemwa tu kwamba kuna mwanaume nyuma yake. Kwa hiyo hata kule kukosa usingizi hapewi. Hadithi haimwoni usiku. Niliwauliza wanne wanaofahamiana na mama kama huwa wanalala. Watatu walicheka wakanipa ndizi. Wa nne, muuza dagaa, alisubiri wenzake waondoke, akasema saa nane yeye huwa macho kila siku, ila kwa kuwa hana duka la kufungua huwasha kibatari na kuzipanga upya dagaa zake kwa ukubwa, kisha huzichanganya tena ili asubuhi watoto wasijue.