Fundi wa Diski wa Kapkatet

Akiifanya vizuri, kazi yake haionekani. Fundi wa kompyuta hapa Kapkatet, kando ya barabara itokayo Litein kwenda Sotik, huutoa mfumo endeshi kwenye diski ya zamani akauhamishia kwenye SSD. Mwenye laptopu akija kuichukua hukuta picha ileile, nywila ileile, na alama za wanafunzi wake pale pale alipoziacha. Kilichopungua ni kusubiri.

Laptopu nyingi zinazomfikia ni mitumba, zile wauzaji huziita ex-UK. Prosesa bado ina nguvu; mzigo ni diski. Ndani yake sahani huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde, na kichwa cha kusomea hakina budi kungoja data ipite chini yake. Kungoja huko peke yake ni wastani wa milisekunde tano na nusu, mbali na muda wa kichwa kusogea. Windows inapowaka huomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na kila kipande hungojewa. SSD haina kinachozunguka. Hutumia chipu za flashi, kumbukumbu aliyoivumbua Fujio Masuoka alipokuwa Toshiba miaka ya 1980, na huifikia data kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde.

Ninachokipenda zaidi ni namna anavyochelewa kuanza. Kwanza husoma ripoti ya afya ambayo diski hujiandikia yenyewe, atazame ni sekta ngapi zimekwisha kuharibika. Diski ikiwa mahututi hutumia ddrescue, programu inayochukua kwanza sehemu zinazosomeka bila shida, kisha ikarudi polepole kwenye zile mbovu, ili kichwa kisife kikipigania sekta moja huku zilizo nzima zikisubiri.

Kisha huuliza.

“Mwalimu, hizi video za harusi ziko mahali pengine?”

“Hapana, ziko hapo tu.”

“Basi hatuanzi bado.”

Zikanakiliwa kwanza kwenye diski ya nje, naye mwalimu akaketi kungoja. Naiheshimu sana hiyo “bado”. Programu ya kunakili hutii amri hata ukiikosea, na ukichanganya chanzo na lengwa, diski tupu itaandikwa juu ya iliyojaa. Ndiyo maana husoma jina na ukubwa wa kila diski kwa sauti kabla ya kubonyeza.

Diski ya zamani ni ya gigabaiti 500, mpya ni ya 240. Hapo nakala ya moja kwa moja haiwezekani. Hupunguza kwanza sehemu yenye Windows mpaka itoshe, huku akihakikisha kila sehemu mpya inaanzia kwenye kigawe cha megabaiti moja, kwa sababu flashi huandikwa kwa kurasa, na sehemu iliyokaa upande huilazimisha SSD kufanya kazi mara mbili. Wapo wanaoipuuza hatua hii, na laptopu itawaka tu. Yeye haipuuzi.

Clonezilla, programu yake ya kunakili, ikishaanza, hagusi kitu. Huianzisha betri ikiwa imejaa, maana mvua ya alasiri ya Kericho huja na radi na stima hupotea.

Wakulima wa hapa wanaujua ugumu unaofuata. Aina ya chai iitwayo 6/8, iliyotoka kwenye kituo cha utafiti wa chai cha Timbilil, huzalishwa kwa kipande cha tawi: kila mche una sifa za mama yake, lakini usiposhika mizizi haukufai. Nakala ya diski nayo lazima iweze kuwaka yenyewe. Fundi huichomoa kabisa diski ya zamani kabla ya jaribio la kwanza, kwa kuwa nakala hubeba kitambulisho kilekile, na Windows ikiziona zote mbili huweza kuifungia moja. Programu ya kuwashia ikigoma, huijenga upya kwenye sehemu ya EFI. Baadaye hukagua kama TRIM inafanya kazi, ile amri inayoiambia SSD ni nafasi zipi zimeachwa wazi.

Diski ya zamani haifuti. Huifunga kwenye karatasi, akaandika tarehe, akamkabidhi mwenyewe na kumwambia aifungue kila faili anayoitegemea kwa mwezi mzima, mitihani na malipo yote, kabla ya kuruhusu ifutwe.