Ukuta Hauharakishwi

Ukitoka Songea kuelekea Mbinga, kiasi cha kilomita 100 za lami, unaingia katika nchi ya matofali mekundu. Milima ya Umatengo imelimwa ngoro, yale mashimo ya kilimo cha mteremkoni, kutoka bondeni hadi juu, na katikati ya ngoro na mibuni zimesimama nyumba za matofali ya kuchoma: nyingine za juzi, bati bado linang'aa, nyingine za tangu enzi za wazee, zimefifia mpaka zinakaribia rangi ya udongo zilikotoka. Nilipohamia Mbinga mjini nilinunua moja ya hizo za zamani. Karibu kila aliyeiona alinishauri niivunje. Mtu mmoja alisema isiguswe kwanza. Mtaani anaitwa Fundi, basi, na makala hii ni ya kumsifu yeye na kazi anayoifanya.

Tumezoea kumpima fundi kwa nyumba mpya. Kwenye kiwanja kitupu yeye ndiye mwenye neno la kwanza: anavuta uzi, anachimba msingi, anapandisha kozi baada ya kozi, na kikiharibika kitu anajua kimeharibikia wapi. Anayekarabati hukuta kazi ya mtu mwingine, mara nyingi mtu aliyekwisha kufariki. Lazima aelewe kwanza mwenzake alikusudia nini, alikuwa na vifaa gani, alibanwa na nini, ndipo ajue pa kushika na pa kuacha. Naamini huu ni ufundi wa juu kuliko ule wa kuanza upya, na sikuufahamu mpaka nilipokaa uani nikamtazama anayeufanya.

Nyumba hizi zina historia yake. Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka uliofuata, na mabradha wao walikuwa waashi na maseremala waliowafundisha vijana wa huku kufyatua matofali, kuyachoma, kuyapanga kwa uzi na kuyasimamisha kwa timazi. Vijana wale wakarudi vijijini na ujuzi wao. Fedha ikaja na kahawa. Chama kikuu cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kilianza mwaka 1936, na tangu hapo familia nyingi za milimani zilijenga kwa kufuata msimu: kahawa ikilipa, msingi, ikilipa tena, ukuta hadi lenta, mwaka mwingine, bati. Bei ikianguka, kama ilivyoanguka baada ya mkataba wa kimataifa wa kahawa kuvunjika mwaka 1989, ukuta ulingoja.

Fundi anaisoma historia hiyo ukutani. Upande wa jikoni alinionyesha mstari ambao mimi nilikuwa nimeupita mara nyingi bila kuuona. Chini yake matofali ni mazito, ya rangi iliyokolea. Juu yake ni mepesi kidogo, yamepauka, na kibao kilichoyafyatua kilikuwa kifupi zaidi. "Hapa waliishiwa wakangoja," aliniambia. "Walipopata tena, tanuru lilikuwa jingine na fundi alikuwa mwingine. Lakini huyu wa pili alikuwa mstaarabu. Tazama alivyojitahidi viungio vyake vifuatane na vya mwenzake." Alipitisha kiganja juu ya mstari ule, akaendelea na ukaguzi wake.

Ukaguzi wenyewe ulikuwa mrefu. Alizunguka nyumba akigonga ukuta kwa mpini wa mwiko, sikio karibu, akitofautisha mlio wa tofali lililoshikamana na wa lile lililolegea. Alining'iniza timazi kwenye kila kona. Aliingiza ukucha kwenye viungio, akaunusa udongo uliotoka. Jirani yangu, mama mwenye bustani ya mboga ng'ambo ya ua, alimsalimu: "Shikamoo Fundi. Mbona hata mwiko haujalowa?" "Marahaba mwanangu. Kwanza niujue ugonjwa," akajibu, akaendelea kugonga.

Ugonjwa ulikuwa chini. Mvua za huku huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, na maji yadondokayo kutoka kwenye bati lisilo na gata huruka kutoka ardhini na kuupiga ukuta kwenye kozi za kwanza, mwaka baada ya mwaka. Zamani matofali yale yaliloa na kukauka yenyewe, kwa sababu yamejengewa udongo, na udongo hupumua. Baadaye mtu, kwa nia njema, akapiga lipu ya saruji kutoka chini hadi usawa wa dirisha. Saruji ni ngumu na haipumui. Udongo ni laini na husogea kidogo majira yanapobadilika. Maji yakapenya kwenye nyufa ndogo za lipu, yakakosa pa kutokea, yakawa yanayala matofali kwa ndani huku nje kunaonekana kuzuri. Fundi alipobandua lipu ile, matofali ya kozi mbili za chini yalimomonyoka mkononi.

Hapa ndipo kazi iliponishika. Ukuta mzima umekalia matofali yaliyooza, na huwezi kuyatoa yote kwa pamoja. Fundi alipima kwa hatua fupi, kila kipande kama nusu mita, akaviwekea alama za mkaa: moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu, hadi mwisho wa ukuta. Kisha alishughulikia vipande vya moja peke yake. Kati ya kipande na kipande kulibaki ukuta ambao haujaguswa, wenye kubeba mzigo. Alitoa matofali mabovu moja moja kwa patasi na nyundo ndogo, bila kishindo, akafagia tundu kwa brashi, akalinyunyizia maji, akapachika matofali mapya na kukaza sehemu ya juu kwa vipande vya mawe bapa ili uzito ushuke juu ya kazi mpya. Halafu akaacha. Kijana anayemsaidia alikuwa na hamu ya kuingia vipande vya mbili jioni ile ile. Fundi alimzuia kwa maneno machache: "Ukuta hauharakishwi. Mpaka hiki kikaze, kile kinakibebea." Vipande vya mbili vilingoja hadi vya moja vikakauka, na vya tatu vikavingoja vya mbili. Kazi ilipokwisha, hapakuwa na ufa hata mmoja mpya juu ya dirisha.

Matofali ya kujazia hakuyanunua ya tanuru jipya kabla hajayasikia. Huchukua mawili, akayagonganisha. Lililoiva hulia kama chuma; lililokaa pembeni mwa tanuru, mbali na milango ya moto, hutoa mlio mfu, na hilo analitenga kwa ajili ya kuta za ndani zisizopigwa na mvua. Yale ya zamani yaliyokuwa mazima aliyasafisha udongo na kuyarudisha. Moja lilikuwa na unyayo wa mbuzi, umezama vizuri, kwato mbili, kutoka siku lilipoanikwa likiwa bichi. Kijana alitaka kulificha kwa ndani. Fundi alilitazama, akaliweka upande wa nje, unyayo juani, karibu na mlango.

Udongo wa kujengea aliupata kwenye kichuguu. Aliuchekecha, akauloweka tangu jana yake, akachanganya na mchanga na chokaa kidogo, akaupima kwa kufinyanga donge na kuliangusha: likisambaratika, limekauka mno, likibandika chini, limelowa mno. Viungio vilivyolika alivichokonoa kina cha vidole viwili, akavilowesha, akavijaza kwa mchanganyiko huo. Kanuni yake ni kwamba kiraka kisiwe kigumu kuliko ukuta unaokibeba. Kanuni hiyo hiyo inafuatwa mbali na hapa. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, una kuta za mawe na chokaa, na mafundi wanaozikarabati vizuri hurudi kwenye chokaa badala ya saruji, kwa sababu ile ile: ukuta uendelee kupumua. Fundi wetu amelipata jambo hilo kwa kutazama lipu zinavyobanduka Mbinga.

Juu ya nyumba alikuwa vile vile. Nilidhani mabati yenye kutu yote yatakwenda. Aliyapanda, akayakanyaga, akayabana ukingoni kwa vidole. Mengi yalikuwa geji nene kuliko yauzwayo madukani sasa, na kutu ilikuwa ya juu tu. Aliondoa yaliyotoboka, akabadilisha misumari iliyolegea, akakata ncha mbili za kenchi zilizoliwa na mchwa na kuunga mbao ngumu. Kisha akaniagiza gata na mtaro wa mawe, kwa sababu bila hivyo kazi yote ya chini ingeliwa tena.

Siku nyingine huwa hayupo, ameshuka Mbamba Bay, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa. Barabara ya lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imefanya saruji na mabati yashuke, na samaki, usipa na mbasa, wapande, kwa muda mfupi kuliko zamani. Niliwahi kumfuata huko. Ziwa Nyasa liko chini sana kuliko Mbinga, na joto la ufukweni hubadili kila kitu katika nyumba. Huku juu anashughulika na baridi ya Juni na mvua. Kule anashughulika na jua na mwera, upepo wa kusini unaovuma kwa nguvu wakati wa kiangazi. Kwa hiyo huanza na paa. Anakagua jinsi kenchi zilivyofungwa kwenye ukuta kabla hajatazama tofali hata moja, na baraza pana la kivuli analiheshimu kama chumba. Mtu ambaye angefanya Mbamba Bay kile alichokifanya Mbinga angekuwa na mikono mizuri tu.

Mimi nilikuwa mgeni, na kazi ile ndiyo iliyonifungulia mtaa. Yule mama wa bustani ndiye aliyemwonyesha Fundi mahali maji ya masika yanapopita uani, jambo ambalo nyumba yenyewe isingelisema wakati wa kiangazi. Mzee wa nyumba ya juu alikumbuka bonde ambako udongo wa matofali ya kwanza ulichimbwa. Katikati ya kazi kulitokea msiba nyumba ya tatu. Fundi aliosha mwiko, akaniambia twende, tukakaa huko mpaka mazishi yakaisha, na ukuta ukangoja. Wamatengo wana desturi ya sengu, ukoo kula pamoja na kuzungumza mambo yao, na naliona tawi la desturi hiyo hata mjini: chakula cha mchana cha mafundi hakikuliwa na mafundi peke yao.

Sasa nasema hili kwa mwenye nyumba ya zamani, Mbinga, Maguu, Litembo, Liuli au kwingine. Kabla ya kuvunja, mwite mtu wa namna hii, na mlipe ukaguzi wake kama unavyolipa kozi zake, kwa sababu ukaguzi ndio kazi. Na kwa vyuo vya ufundi: vijana wanafundishwa kuanza na kiwanja kitupu, ilhali miji yetu midogo imejaa kuta zinazohitaji kusomwa. Muda waliopewa kujifunza ukuta mpya, wapewe na wa kujifunza ukuta mkongwe, chini ya mtu anayeujua. Yule kijana aliyetaka kuharakisha amepata kazi yake ya kwanza mwenyewe, nyumba ya zamani barabara ya pili kutoka kwangu. Ameshaweka alama za mkaa ukutani, na mwenye nyumba analalamika kwamba hajaanza. Ameshaanza.