Kati ya Magharibi na Isha

Msikilize mtoa mawaidha hodari anavyoikata aya. Huisoma kwanza nzima kwa Kiarabu, kisha huirudia kipande kwa kipande: maneno matatu, maana yake, manne mengine, maana yake. Bibi asiyejua Kiarabu, aliyeketi upande wa wanawake, huondoka akihisi aya ile ameisoma mwenyewe.

Khutba ya Ijumaa ina sharti lake: huwa khutba mbili, na kikao kifupi katikati. Mawaidha hayana sharti hilo. Mara nyingi hutolewa baada ya magharibi, na huku mwambao msemaji ana saa moja na dakika chache tu kabla adhana ya isha haijamkatiza. Lazima apime. Akifika penye jambo zito humtaja Mtume, msikiti mzima ukamswalia; hapo yeye hupata pumzi, hunywa funda la maji, na huona nani amesinzia.

Kazi ngumu ni kushuka kutoka kwenye aya hadi sokoni. Chukua Suratul Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya wapunjao vipimo. Msemaji dhaifu atawakaripia wenye maduka, nao watakunja nyuso. Hodari husema “sisi”. Husimulia kibaba kinachopimwa na dole gumba ndani yake, na mizani inayoegemezwa kwa kiwiko. Watu wanacheka, na muuza samaki aliyeegemea nguzo anacheka nao, kisha anaacha kucheka. Hakutajwa mtu.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa aliihamishia kazi hii kwenye karatasi, kwa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932. Siku hizi mawaidha husambazwa kwenye simu, vipande vya dakika mbili mbili, na anayevikata aghalabu huchagua penye kicheko. Mimi naona ameacha nyama akabeba mchuzi.

Mawaidha ya nikaha ndiyo mafupi kuliko yote, na pengine ndiyo magumu zaidi. Sheikh humwelekea bwana harusi na kumweleza upole na subira nyumbani. Kijana anaitikia kila neno kwa kichwa, hajui bado linahusu nini. Wanaotazama mkeka ni waume walio katika ndoa kwa miaka 30. Sheikh amewaona, lakini hawaongezei neno: anaomba dua, kwa kuwa halua na kahawa zinasubiri.