Mbwa hajui kalkulasi, ila wa kwetu anajua mawe

Miaka miwili iliyopita nilisimama mbele ya wanafunzi wa kidato cha tatu hapa Bagamoyo nikawaambia, kwa kujiamini kabisa, kwamba mbwa anajua kalkulasi. Unamrushia kisahani, ile frisbi, naye anapiga hesabu ya njia na kukidaka hewani. Darasa likacheka, nami nikafurahi. Kisha binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona mbwa wa mtaani kwetu ukinyanyua mkono tu anakimbia?"

Sikuwa na jibu. Nikasema kitu kuhusu mazoezi, tukaendelea na mada. Lakini swali lile lilinirudisha kwenye makala mbili ambako hadithi hii ya mbwa mwanahisabati inachotwa, na leo nataka tuzipitie pamoja. Moja imesimuliwa vibaya, nyingine haisimuliwi vya kutosha, na zote mbili hazigusi jambo ambalo binti yule alilijua kuliko mimi.

Utani uliogeuzwa ukweli

Ya kwanza ni ya mwaka 2003. Tim Pennings, mwalimu wa hisabati wa Chuo cha Hope huko Michigan, Marekani, aliandika katika The College Mathematics Journal makala yenye kichwa kinachouliza kama mbwa wanajua kalkulasi. Mbwa mwenyewe aliitwa Elvis. Pennings alikuwa akirusha mpira majini kutoka ufukwe wa Ziwa Michigan, akaona kwamba Elvis haogelei moja kwa moja kuufuata. Anakimbia kwanza kandokando ya maji, kisha mahali fulani anajitosa.

Hebu jiweke ufukweni kwetu, kofia yako imepeperushwa na upepo ikaangukia baharini, mbali kidogo upande wa kulia. Unakimbia haraka kuliko unavyoogelea, kwa hiyo ukijitosa mapema mno unapoteza muda majini. Ukikimbia hadi uwe sambamba nayo, umekimbia zaidi ya inavyohitajika. Katikati kuna sehemu moja iliyo bora, na kalkulasi inaipata. Pennings alipima: Elvis alikimbia mita 6.4 kwa sekunde na kuogelea mita 0.91. Baada ya mirusho 35 alichora grafu, na sehemu alizojitosea Elvis zilikuwa karibu sana na zile zilizotolewa na fomula.

Sasa, kosa liko wapi? Si kwa Pennings. Yeye mwenyewe anasema wazi ndani ya makala kwamba Elvis hajui kalkulasi, tena anatania kuhusu jinsi mbwa wake asivyoweza hata maswali mepesi ya somo hilo. Kosa ni letu sisi tunaosimulia: tumechukua kichwa cha habari, tukaacha utani na tahadhari. Mwaka 2006, katika jarida hilohilo, Pierre Perruchet na Jorge Gallego walionyesha kwamba si lazima mbwa aipime njia nzima kabla ya kuanza. Inatosha kila dakika aendelee kukimbia maadamu kukimbia kunamsogeza kwenye mpira haraka kuliko kuogelea. Faida hiyo ikiisha, anaingia majini. Jibu linakuwa lilelile, bila hesabu kubwa kichwani.

Mimi nilizijua makala hizi zote mbili siku ile darasani. Nilichagua toleo linalochekesha.

Kamera kichwani

Makala ya pili ndiyo inayohusu kisahani chenyewe. Ilitoka mwaka 2004 katika Psychological Science, waandishi wakiwa Dennis Shaffer, Scott Krauchunas, Marianna Eddy na Michael McBeath. Walifunga kamera ndogo vichwani mwa mbwa wawili, wakarusha visahani, wakatazama dunia kama mbwa anavyoiona.

Uzuri wa kisahani kwa mtafiti ni ukaidi wake. Mpira ukishaondoka mkononi, njia yake inatabirika kwa kiasi kikubwa. Kisahani kinazunguka, na kuzunguka huko kunakifanya kisipinduke, huku hewa ikikibeba. Kinaweza kuelea, kukata kona, hata kupandishwa na upepo kisha kushuka ghafla. Mbwa anayetabiri kitakapoangukia tangu mwanzo ataumbuka.

Walichokiona ni kwamba mbwa alikimbia kwa namna ambayo taswira ya kisahani machoni mwake ilisogea kwenye mstari mnyoofu, kwa mwendo usiobadilika sana. Mstari ukianza kupinda, anarekebisha mbio zake hadi unyooke tena. Kisahani kikikata kona, anaanza mstari mpya. McBeath na Shaffer, pamoja na Mary Kaiser, walikuwa wameeleza mbinu kama hiyo mwaka 1995 kwa watu wanaodaka mipira ya besiboli. Yaani mbwa na mdakaji wanaweza kutumia kanuni moja rahisi ya macho na miguu.

Kwangu hii ndiyo makala bora, kwa sababu inatoa maelezo madogo yanayotosha. Pia inamsaidia mtu anayetaka kucheza. Nimejifunza kutokirusha kisahani kumwelekea mbwa usoni, maana hapo hana mstari wa kuufuata. Nakirusha kwa pembeni, chini, polepole, akione tangu kinapoondoka mkononi.

Udhaifu wake? Mbwa wawili wanaonyesha kwamba jambo linawezekana, lakini hawawezi kuwasemea mbwa wote. La pili ni kubwa zaidi: walikuwa mbwa waliokwisha kupenda kukimbiza visahani. Makala inaeleza mbwa anavyokifikia kisahani. Haielezi kwa nini aanze kukikimbilia badala ya kukikimbia. Na hilo ndilo swali la binti wa nyuma.

Popi na mkono ulionyanyuliwa

Nina mbwa koko anaitwa Popi. Nilimchukua Ubena Zomozi, kando ya barabara ya Morogoro, akiwa tayari mkubwa. Siku ya kwanza niliponyanyua kisahani, Popi aliingia chini ya mkokoteni wa jirani na hakutoka hadi magharibi. Jirani akasema, "Mbwa wako mjinga huyu." Nikacheka naye, na kusema kweli niliamini hivyo kwa wiki nzima.

Lakini fikiria takwimu alizonazo Popi. Maisha yake yote, kitu kikitoka mkononi mwa mtu ni jiwe. Mkono ukipanda juu ya bega, kinachofuata ni maumivu. Kwa ushahidi wake, kukimbia ndilo jibu sahihi. Hakuwa mjinga hata kidogo. Mimi ndiye niliyekuwa nampa mtihani wa mbwa wa Michigan.

Msaada niliupata barabara hiyohiyo, ukiendelea hadi Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine, APOPO wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu ya PDSA mwaka 2020. Msingi wa mafunzo yao hauna miujiza: mlio mdogo wa "klik", kisha chakula, mara nyingi sana, hadi mnyama ajue mlio ule una maana ya jambo jema.

Nilitumia kalamu ya kubonyeza na dagaa. Wiki mbili za kwanza kisahani kilikuwa sahani tu, kimewekwa chini na dagaa juu yake. Kisha nikawa nakiviringisha mchangani nikiwa nimekaa, mkono haujavuka kiuno. Wiki ya sita nikakirusha mita tatu hivi, kwa chini. Popi akakifuata, akakikosa, akarudi mwenyewe kuangalia mkono wangu. Nilitaka kulia.

Ukitaka kujaribu, zingatia haya. Usitumie mfuniko wa ndoo ya rangi. Ni mgumu na unaweza kumvunja meno. Shona kisahani cha kitambaa kizito cha jinzi. Cheza saa kumi na mbili asubuhi, maji yakiwa yamekupwa na mchanga ni mgumu. Mbwa hupoza mwili zaidi kwa kuhema, na kwenye unyevu wa pwani kuhema hakusaidii sana. Akianza kuyumba, acha mara moja, mpeleke kivulini, mpe maji baridi na mmwagie mwilini. Mbwa mdogo ambaye mifupa haijakomaa asiruke. Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe hai. Na kumbuka ufukwe ni wa watu wote. Kwa Waislamu wengi wa pwani, wanaofuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi na kuyasafisha kuna taratibu zake, basi usimpe mtoto wa mwenzio kisahani kilicholowa mate, na kaa mbali na njia ya kwenda msikitini.

Kwa hiyo, msomaji, isome makala ya 2004 kwanza, halafu ya 2003 pamoja na utani wake wote. Na mtu akikuambia mbwa wanajua kalkulasi, muulize ni mbwa gani, na kabla ya siku hiyo walikuwa wakirushiwa nini.

Popi sasa anadaka karibu mara tatu katika kila mirusho kumi. Ila mtu mgeni akipita ufukweni na kunyanyua mkono kunisalimia, bado anakwenda kujificha nyuma ya mitumbwi.