Maneno Tunayovaa Kifuani

Pasaka moja katika kanisa letu hapa Ushetu vijana waliingia ibadani wamevaa fulana za bluu, zimeandikwa kifuani kwa herufi nyeupe: SISI NI MWILI MMOJA. Walipendeza. Tuliwapigia makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Katikati ya wimbo mmoja wetu alitoka nje kumbembeleza mtoto, akamkuta binti wa sauti ya pili ameketi chini ya mwembe, anaimba polepole peke yake, akifuatisha wenzake kupitia dirishani.

"Mbona hauko na wenzako, mwanangu?"

"Shikamoo, baba. Sijamaliza kulipia fulana."

Sisi tunaoandika insha hii ndio tuliokuwa kamati. Ni sisi tuliopanga shilingi 15,000 kwa kila mwimbaji, na ni sisi tuliotangaza kwamba asiye na sare hataimba. Tangu siku ile tumejifunza kuzisoma fulana kama tunavyosikiliza mahubiri. Tunauliza mambo matatu: inasema nini, anayeivaa anaweza kuijibia, na imemwacha nani nje?

Kuvaa maneno si jambo geni. Katika Kutoka 28 Haruni aliagizwa kuvaa kwenye kilemba bamba la dhahabu lenye maandishi ya utakatifu kwa Bwana. Kwetu Afrika Mashariki mwalimu wa jambo hili ni kanga. Anayetajwa sana kuwa ndiye aliyeanza kuitia kanga maneno ni mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye alama yake ya Mali ya Abdulla bado inajulikana. Mwanzoni maneno yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi tunazotumia leo. Mama anayenunua kanga huisoma kwanza. Yenye kijembe haendi nayo msibani, na yenye mapenzi hampelekei mkwewe. Anajua kwamba akishaivaa, maneno yale yamekuwa yake.

Fulana nyingi tunazovaa hatukuzichagua hivyo. Tunazikuta kwenye rundo la mitumba mnadani, tunaangalia saizi na kama haijatoboka, basi. Tumewahi kumwona mzee wetu mmoja akipitisha sadaka na kifuani ana tusi la Kiingereza, na wanafunzi wa sekondari wanacheka kwenye viganja. Mzee hakutukana. Lakini shati lilitukana kwa niaba yake, na hakuna aliyempenda kiasi cha kumnong'oneza.

Na jambo hili lina uchungu wake kwa sisi wakulima. Kanda ya magharibi, ambayo Shinyanga, Simiyu, Mwanza na Geita zimo, hutoa zaidi ya asilimia 90 ya pamba ya Tanzania. Sehemu kubwa ya pamba nyuzi huuzwa nje kabla haijafumwa. Tunalima nyuzi, kisha tunanunua nguo iliyokwisha kuvaliwa, yenye maneno ya mtu mwingine.

Ndiyo maana tunawaheshimu vijana wanaoprinti fulana katika vyumba vidogo vya mjini Kahama. Kazi yao ina elimu. Kila rangi huhitaji fremu yake yenye kitambaa cha neti. Wino husukumwa kwa mpira upite mahali palipoachwa wazi, kisha hukaushwa kwa joto. Joto lisipotosha, maandishi hubanduka baada ya kufuliwa mara chache. Na kwa kuwa kuandaa fremu ni gharama ileile, ziwe fulana kumi au mia, bei ya moja hushuka idadi inapoongezeka. Hapo ndipo kamati kama yetu hupata kishawishi cha kumlazimisha kila mtu anunue. Kosa hilo si la fundi. Yeye huchapa anacholetewa.

Na sisi tunampelekea nini? Miaka hii tunampelekea ushindi. NIMESHASHINDA. MWAKA WANGU WA KUVUKA. Zinauzwa nje ya mikutano ya injili, na vijana wetu wanaokwenda machimboni Kakola na Nyarugusu wanashuka nazo kwenye maduara.

Kule Marekani, kabla ya fainali ya mpira wao iitwayo Super Bowl, fulana za ubingwa huchapwa kwa timu zote mbili, ili za mshindi zianze kuuzwa mara mechi inapokwisha. Zile za timu iliyofungwa, kwa miaka mingi, ziligawiwa kupitia shirika la World Vision katika nchi maskini. Basi kuna watu waliovaa tangazo la ushindi ambao haukutokea. Hawakudanganya, maana hawakujua. Sisi tunajua, na bado tunachapa.

Mtu atasema: je, imani si kuwa na hakika ya yasiyoonekana bado, kama Waebrania 11 inavyofundisha? Ndiyo. Lakini watu wa sura ile walishikilia ahadi ambayo Mungu aliitoa, na wengine walikufa hawajaipokea. Ufufuo ameuahidi, na fulana ya ufufuo tunaweza kuijibia hata kaburini. Kwamba duara hili litatoa mawe yenye dhahabu kabla ya Desemba, hakuahidi. Kijana anayerudi kutoka machimboni mikono mitupu, na fulana yake inasema ameshashinda, hufika mahali akaona aibu kuja kanisani. Fulana imemfungia mlango wa kusema, "Ndugu, nimeshindwa, niombeeni."

Fulana nzuri kuliko zote tulizoziona haikuwa na picha wala rangi nyingi. Kikundi kimoja cha akina mama na vijana wanaohudumu misibani kilichapisha fulana kumi za kahawia. Kifuani hazina kitu. Mgongoni zimeandikwa: TUPO NA NINYI. Mgongo ndio unaoonekana mtu akiinama kuchota maji, kupasua kuni au kuchimba kaburi, kwa hiyo neno lile husomwa wakati linapotendeka. Na fulana zile si za mtu. Ni mali ya kikundi. Anayekuwa zamu huvaa, hufua, hukabidhi. Wapo ishirini na zaidi, na hakuna anayebaki nje kwa kukosa fedha.

Yakobo 2 inatuonya tusimketishe pazuri mwenye pete ya dhahabu na kumweka chini mwenye mavazi mabovu. Sisi tunaoishi katika ukanda wa dhahabu tulidhani onyo lile ni la pete. Kumbe hata fulana ya 15,000 yaweza kuwa pete. Tena Pasaka huja kabla wengi wetu hawajalipwa fedha za tumbaku. Tuliwadai sare katika miezi ambayo hata unga unapimwa kwa kikombe.

Kwa hiyo tunazishauri kamati: fulana ichapwe rangi moja ili gharama ipungue, inunuliwe kwa mfuko wa kanisa, ibaki kabatini kama vitabu vya nyimbo, na neno lichaguliwe na watakaolivaa, baada ya kuulizana kama wanaweza kuliishi. Tukikosa fedha, waimbe na nguo walizonazo.

Yule binti tulimfuata nyumbani kwao tukamwomba radhi, yeye na mama yake. Mama alitupokea vizuri, akatuandalia viti. Binti alikaa wiki tatu ndipo akarudi kwaya. Fulana za bluu tumeziweka, hatuzivai tena kama sare. Maneno yake ni ya kweli, yameandikwa sawasawa, na wino haujabanduka. Tulizichapa kabla hatujawa tayari kuyajibia.